Bima ya Shabani Ilikuwa Mdomo Wangu

Jumatano, Mchafukoge. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa jua linachemsha uchafu wote ulioelea mtaani. Mtaro ulio mbele ya nyumba yetu umetapika. Kuna nepi ya mtoto imekwama mlangoni kwa fundi cherehani, na kila mpita njia anaisukuma kwa ncha ya kiatu iende kwa jirani.

Nimekaa dirishani naitazama ile nepi. Nasema, angalau yenyewe haijifanyi kitu kingine.

Mimi nilijifanya.

Mnaonisoma humu mnajua kawaida yangu. Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu ili niache kuwasumbua watu barazani, na kazi yangu ni kuandika upuuzi: nani kavaa suti harusini na soksi za mpira, nani kapaka rangi ndevu zikatoka zambarau. Leo sina upuuzi. Leo nimejichukia kuanzia kwenye meno ya bandia kushuka chini, na nimeona niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nianze na gari.

Mpwa wangu Shabani, mtoto wa dada yangu Zena, ana duka la vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Pia ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi kama kimegonga ukuta tangu kiwandani. Kirikuu cha Shabani kina spika kubwa kuliko injini. Kina taa za buluu chini ya milango. Kioo cha nyuma kimeandikwa ASANTE MAMA, cha mbele kimejaa stika za timu ya mpira, mpaka dereva anaona barabara kwa kuchungulia kama mwizi. Kitu kimoja tu hakikupata nafasi kwenye gari lile. Bima.

Wiki tatu zilizopita alikuwa anarudi kinyumenyume kutoka dukani kwake, simu iko sikioni, akambana mtu kati ya bodi ya gari na mkokoteni. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama pembeni kabisa, anafunga kamba marobota ya mitumba. Mguu wa kushoto ukavunjika sehemu mbili chini ya goti. Waliokuwepo wanasema ulilia kama muwa.

Askari wa usalama barabarani akaja, akaingiza namba ya gari kwenye simu yake. Bima ilikwisha tangu mwezi wa saba. Miezi minne mpwa wangu anazunguka mjini hivyo hivyo, na wala hakusahau. Nilimuuliza.

"Mjomba," akaniambia, "mimi sivuki hata Buguruni. Gerezani, Kariakoo, bandarini, narudi. Bima ya nini?"

Kana kwamba mifupa ya watu wa Kariakoo ni ya plastiki.

Aliyegongwa anaitwa Maganga. Mnyamwezi wa Tabora, ana mke na watoto watatu, anasukuma mkokoteni Kariakoo mwaka wa kumi na tano huu. Alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali, akafungwa plasta mpaka pajani, akarudishwa nyumbani akae.

Na hapo kwenye neno Mnyamwezi ndipo nilipoingizwa mimi.

Mimi Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao wakishuka pwani na mizigo kichwani na babu zetu wakiwapokea na kuwapunja kwa heshima zote. Kwa asiyejua utani: mtani anaweza kuja msibani kwako akalala kaburini na kugoma kutoka mpaka umpe chochote. Anaweza kubeba kuku wako mchana kweupe. Anaweza kumwita mama yako chura. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeshindwa, na habari zitafika kwenu kabla yako.

Ni kitu kizuri. Nimekipenda maisha yangu yote. Ndiyo maana kinaniuma kukiona kilivyotumika.

Ijumaa ya wiki ile ile Zena akaniita kwake. Kwetu mjomba ndiye anayetangulizwa mbele mpwa akiharibu, na mjomba aliyebaki hai ni mimi peke yangu. "Kaka," akasema, "yule bwana ni mtani wako. Nenda mkayamalize kiutu uzima, mtoto asije akafilisika." Shabani alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mpole kama bwana harusi. Akanyanyua uso: "Mjomba, ukiongea wewe hata maiti inacheka."

Nikavimba kichwa.

Naungama hapa. Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu na mimi nikafunga meza yangu ya ufundi saa, hakuna mtu aliyenihitaji kwa jambo lolote zaidi ya kuniomba nisogeze kiti. Siku hiyo nikaitwa mjomba, nikaitwa kaka, nikawekewa nyama ya ubavu. Wangeniambia nikamchekeshe simba ningeenda.

Jumapili tukaenda Mchikichini alikopanga Maganga, mimi na Shabani, na kilo mbili za sukari. Nikaanza kupiga kelele kabla sijafika mlangoni.

"Hodi humu! Nimesikia Mnyamwezi kafa, nimekuja kurithi mkokoteni!"

Sauti ikajibu kutoka ndani: "Rudi kwenu, Mzaramo! Sijafa, nimelala tu, kama nyinyi mnavyolala kila siku!"

Nikajua nimempata. Tukaingia. Amelazwa kwenye godoro chini, mguu juu ya mito miwili, uso umekwisha. Nikauzunguka ule mguu kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mbona mmeupaka chokaa kama nyumba ya serikali?"

"Mmenigonga wenyewe, na mnacheka wenyewe."

"Tumekosea kweli," nikasema. "Tungekugonga wewe tu ingekuwa halali. Tumegonga na mkokoteni, chombo cha watu kisicho na hatia."

Alicheka mpaka akashika paja kwa maumivu. "Babu, niache, naumia." Sikumwacha. Nilikuwa nimepata moto. Nikamwambia mtani hamshitaki mtani, kwamba mzimu wa babu yake utamcheka. Nikamwambia Wanyamwezi kwa kubeba mizigo ni hodari, sasa huu mguu naye aubebe kimya kimya. Nayaandika haya na mate yamenijaa mdomoni, machungu, kama nimetafuna dawa.

Shabani akatoa bahasha ya kaki.

Sikuwa nimeisoma karatasi iliyokuwamo. Ngoja niliandike hili sawasawa: sikuisoma kwa sababu sikutaka kuisoma. Shule yangu niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua, na miwani ilikuwa mfukoni. Kwenye bajaji Shabani aliniambia ni ya kuonyesha tu kwamba tumefika, tumemwona mgonjwa, tumemsaidia. Nami nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango wa choo cha watu asione kilichomo.

Nikamwambia Maganga, "Tia dole hapa, mtani, usije ukasimulia Tabora kwamba Wazaramo tulikuja mikono mitupu."

Mke wake, Nyamizi, alikuwa anatumiminia chai. Akasimamisha birika hewani.

"Imeandikwa nini hiyo, babu?"

"Imeandikwa mumeo ameniuzia wewe kwa debe moja la mihogo," nikasema. "Na mihogo yenyewe ataisubiri, bado iko shambani."

Maganga akacheka mpaka machozi. Akiwa anatikisika hivyo hivyo, Shabani akamshika mkono, akambonyeza dole kwenye pedi ya wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Mimi nikaweka sahihi chini, palipoandikwa SHAHIDI. Sahihi yangu nzuri, ina mkia.

Nyamizi hakucheka. Alimalizia kumimina.

Chai ilikuwa tamu sana.

Wiki mbili nikakaa na hilo tumboni bila kuumwa. Niliwasimulia hata wenzangu wa kahawa barazani, nikaigiza sauti ya Mnyamwezi, wakacheka, mmoja akanilipia kahawa. Kama mtu angeniuliza siku zile ningesema nimefanya jema. Nimepatanisha. Nimezuia kesi.

Jumatatu ya wiki hii, asubuhi, tuko pale pale barazani, nikamwona Nyamizi anavuka barabara. Nikaanza mara moja, "Mke wangu huyo anakuja! Mihogo bado mama, rudi!"

Akafika. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, marahaba. Mbona umenuna kama..."

"Sukari yenu hii." Akaweka mfuko mbele ya miguu yangu. Zile kilo mbili, fundo lile lile tulilofunga dukani. Haikuguswa. Ina maana ile chai waliikopea sukari dukani, au aliiomba kwa jirani, lakini yetu hakuifungua.

Akaniambia habari zake bila kupandisha sauti. Mfupa haujashika. Daktari amesema lazima mguu ufunguliwe, unyooshwe, uwekwe chuma, na hata hapo hana uhakika kama Maganga ataweza tena kusukuma mzigo mzito. Akaenda dukani kwa Shabani kuomba asaidie. Shabani akafungua droo, akatoa nakala, akampa. Akamwambia, mama, mumeo ameshasamehe, na kosa kakubali mwenyewe ni lake, soma.

"Basi nimekuja unisomee, babu."

"Si umesoma wewe?"

"Nimemaliza la saba. Nimeshaisoma mara nne. Nataka nikusikie wewe."

Wanywaji kahawa wote wakatazama vikombe vyao. Nikavaa miwani.

Karatasi inasema hivi. Mimi Maganga nakiri kwamba nilisimama katikati ya barabara bila tahadhari yoyote. Nimemsamehe dereva kwa hiari yangu. Sitadai fidia ya aina yoyote, leo wala siku zijazo, hata nikipata ulemavu wa kudumu. Maelezo haya nimesomewa na kuyaelewa mbele ya shahidi.

Kisha dole, limekaa upande kidogo kwa sababu mwenyewe alikuwa anacheka. Kisha mimi na mkia wangu.

Nilipomaliza Nyamizi akachukua nakala yake, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya khanga.

"Nilikuuliza, babu," akasema. "Nilikuuliza mbele ya watu."

Akaenda. Nikanyanyuka nikatema mate mtaroni. Hayakuisha.

Nikaenda Gerezani kwa miguu, na hasira. Shabani yuko katikati ya duka, mikono ina grisi, ana wateja watatu. Aliponiona akafurahi kweli, wala hakujifanya. "Ona huyu!" akawaambia wateja. "Wenzenu mna makampuni ya bima, mimi nina huyu mzee hapa. Kanimalizia kesi kwa kilo mbili za sukari!" Wakacheka. Mmoja akaniombea dua.

Nikamvuta nyuma, penye magiaboksi.

"Mbona umeandika alisimama katikati ya barabara?"

"Mjomba, ile alichapa dada wa stationery. Wao ndio wanajua maneno ya kisheria."

"Wewe ulimwambia nini?"

Akaanza kupanga plagi kwenye boksi, moja moja, zote zikiwa zimeshapangwa tayari. "Mjomba, kila mtu hapa anafanya hivi. Mtu akigonga wanamalizana. Mimi nina watoto wanne. Nikidaiwa mguu wa mtu mimi nitatoa wapi?"

"Bima ingetoa."

"Sasa bima sina." Akasema kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Na nakala moja nimeshapeleka kituoni kwa mpelelezi. Wewe tulia. Faili litalala lenyewe."

Jamani, kinachonichefua mimi si kwamba Shabani ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala usingizi. Shabani ananiletea samaki kila mwezi mpya. Alimbeba mama yake mgongoni ngazi za hospitali lifti ilipoharibika. Ni kijana mwema, na huyo kijana mwema amekaa na dada wa stationery, kwa akili timamu, akamwelekeza aandike kwamba mtu aliyesimama pembeni alisimama katikati. Halafu akaja kuniazima mdomo wangu upake sukari juu yake. Na mimi nikamwazima.

Jana nikapanda kwa Neema. Huyu ni wakili, binti wa watu, amepanga ghorofa ya tatu jengo linalotazamana na letu, na kila asubuhi mimi humtania kwamba joho lake limembana. Nikampa nakala niliyoipata kwa Shabani, nikamwambia ni habari ya rafiki yangu mmoja.

Akasoma mpaka chini.

"Huyu rafiki yako, babu, mbona ana jina lako?"

Nikakaa.

Akanieleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji. Kila gari lazima liwe na bima, angalau ile ndogo. Bima ndogo haimlindi dereva wala gari lake. Inamlinda yule anayegongwa. Kirikuu kingekuwa nayo, Maganga angelipwa na kampuni ya bima na Shabani angeendelea kuuza plagi zake. Bima isipokuwepo, haina maana kwamba mguu umevunjika bure. Mzigo unamwangukia dereva na mwenye gari, na Shabani ni wote wawili. Matibabu, siku ambazo mtu hakufanya kazi, maumivu, ulemavu ukibaki, vyote Maganga anaweza kuvidai mahakamani, na mahakama ikimpa haki na Shabani asilipe, hata hicho kigari kinaweza kukamatwa kiuzwe. Hiyo ni kesi ya madai. Kuendesha bila bima ni kosa lingine kabisa, la jinai, na hilo Maganga hawezi kulisamehe hata akitia madole kumi. Si lake. Ni la Jamhuri.

"Na hii karatasi?" nikauliza.

"Hii ndiyo ngao ya mpwa wako. Inasema kosa ni la aliyegongwa, na kwamba alisomewa akaelewa. Makubaliano yaliyopatikana kwa hila yanaweza kutenguliwa, babu, lakini lazima hila ithibitishwe. Chumbani mlikuwa nani na nani?"

"Mgonjwa, mkewe, Shabani. Na mimi."

"Mgonjwa na mkewe watasema hawakusomewa. Mpwa wako atasema walisomewa." Akanirudishia karatasi, kidole chake kiko juu ya neno SHAHIDI. "Nani atasikilizwa hapo?"

Nikamuuliza kama nitafungwa. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Akasema tu kwamba mtu anayekwenda kusema mwenyewe anaonekana tofauti na anayefuatwa nyumbani. Akapiga simu kituoni palepale. Mpelelezi wa faili lile atanisikiliza kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Neema atanisindikiza. Hakutaka malipo. Aliniambia nishuke ngazi polepole, na hilo lilinidhalilisha kuliko yote.

Leo mvua ilipokatika nikaenda Mchikichini. Peke yangu, mikono mitupu. Sikupiga kelele uani.

Maganga akaniona mlangoni, akachangamka. "Mzaramo! Umefuata chai?"

Miaka sabini na tatu sijawahi kukosa jibu la Mnyamwezi. Leo nimelimeza. Nikakaa chini kwenye sakafu, karibu na ule mguu, unanuka dawa na jasho, nikamwambia yote. Kwamba sikuisoma. Kwamba nilikuwa na miwani. Kwamba karatasi inasema yeye ndiye mwenye kosa, na nakala iko polisi.

Nilidhani atanitukana, nikamtayarishia uso.

"Nilijua si ya sukari, babu," akasema. "Mimi si msomaji, lakini bahasha ya kaki naijua. Nilitaka niseme subiri, nisomewe kwanza. Nikaona nikisema hivyo nitaonekana nimenuna. Mtani umekuja mpaka kwangu, unanichekesha, na tangu niumie sikuwa nimecheka hata siku moja. Nikaona haya."

"Mkeo aliuliza."

"Aliuliza." Akatazama ukutani. "Na mimi ndiye niliyecheka sana kuliko wote."

Watu wazima wawili, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nyamizi akaingia na ndoo ya maji. Alikuwa amesikia, chumba chenyewe pazia tu. Akaniuliza kama nitasema kituoni, nikamwambia nitasema. Akauliza nitasemaje. Nikasema, si nitaeleza tu.

"Eleza sasa hivi. Mimi ndiye askari."

Nikakohoa. Nikaanza: "Afande, mimi nilikwenda kwa huyu Mnyamwezi, nikamkuta amelala kama gunia la..."

"Hapo," akasema Nyamizi. "Hapo hapo."

Sikujua kama nimeanza utani. Naapa sikujua. Mdomo ulikwenda wenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya zizi.

Maganga akanishika mkono. Mkono wake una sugu ngumu kama soli. "Babu, kesho usinitanie mbele ya askari. Akicheka tu, mguu wangu umekuwa kichekesho. Ukishakuwa kichekesho hakuna wa kuulipia."

Sikumwambia nisamehe. Neno hilo lilishapigwa chapa kwenye ile karatasi, nikaona kinyaa kulitumia tena. Nikamwambia saa tatu nitakuwa kituoni.

Mchana Zena amepiga simu. Shabani ameshapata habari, sijui kwa nani. Mtaa huu hata ukikohoa Kariakoo wanakuletea ndimu. Analia. "Kaka, unamuuza mwanangu kwa mtani? Watauza gari lake. Wajukuu zako watakula nini?" Nimemwambia Maganga naye ana watoto, na wanakula kwa mguu ule. Akasema, "Wale si damu yako." Halafu akakata. Nimepiga mara mbili, hapokei. Yeye ni dada yangu wa mwisho aliye hai na sijui kama atakuja kunizika. Naandika tu, sitaki kuonewa huruma.

Shabani mwenyewe hajapiga. Nadhani anasubiri nibadilike. Ananijua mzee asiye na msimamo, mwenye kupenda sifa, na hajakosea hata moja.

Nimeshapiga pasi shati jeupe. Nimesimama mbele ya kioo cha kabati kufanya mazoezi. Naitwa Kondo. Mimi ndiye shahidi wa karatasi hii. Mgonjwa hakusomewa. Kosa halikuwa lake, na mimi nilimchekesha ili atie dole. Maneno machache, yote ya kweli, mtoto wa shule angeyasema bila shida.

Mara ya kwanza nilikonyeza jicho nilipofika kwenye neno mgonjwa. Mara ya pili niliigiza sauti ya Shabani. Mara ya tatu nikavua meno ya bandia nikayaweka kwenye glasi, nijaribu bila hayo, na yule mzee wa kwenye kioo akachekesha zaidi. Nikarudisha meno.

Mara ya nne nilifika mpaka nusu.

Nina muda mpaka saa tatu asubuhi. Nitajaribu kuongea dakika kumi bila kumchekesha mtu yeyote.

Sijawahi.